Somo: Kujibana Mombasa Hadi Deni la HELB Liishe

Somo hili linamhusu mhitimu anayefanya kazi Mombasa kwa mshahara wa kawaida, anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na ambaye ameazimia kwa dhati kujibana kwa miaka miwili au mitatu hadi deni limtoke shingoni. Nitatanguliza hesabu kabla ya kufika jikoni, kwa sababu nimeona vijana wengi wakijinyima hata chai ya asubuhi huku deni lao likizidi kukua.

Hatua ya kwanza: jua kinacholikuza deni

Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Anayedaiwa shilingi 200,000 hutozwa takriban shilingi 8,000 kwa mwaka, yaani chini ya 700 kwa mwezi. Faini ya kutolipa, kwa upande mwingine, ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi unaopita, uwe unadaiwa kikubwa au kidogo. Mwezi mmoja uliorukwa, basi, unakugharimu zaidi ya riba ya miezi saba, na kwa kuwa malipo hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, wapo wanaopata kazi yao ya kwanza wakikuta faini imekwisha kurundikana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kujibana ni kuhakikisha hukosi mwezi hata mmoja. Kasi itafuata baadaye.

Kisha tazama simu yako. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kiwango ambacho ni zaidi ya mara ishirini ya riba ya HELB kwa muda huohuo. Mwenye mkopo wa aina hii aendelee kuipa HELB kiasi alichopangiwa, na kila shilingi ya ziada aielekeze kwenye simu mpaka deni hilo lifutike. Hapo ndipo ziada yote ihamie HELB: kwa deni la 200,000, anayelipa 5,000 kwa mwezi humaliza kwa miezi 43 hivi, na anayelipa 10,000 humaliza kwa takriban miezi 21.

Hatua ya pili: kodi na nauli zihesabiwe pamoja

Watu wengi huhamia Mtwapa au ndani kabisa ya Kisauni kwa kuwa vyumba ni rahisi, kisha wakaacha kwenye matatu yale yale waliyoyaokoa kwenye kodi. Nauli ya shilingi 100 zaidi kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 2,600 kwa mwezi, bila kuhesabu siku ambazo mvua inanyesha na makondakta wanapandisha, wala bodaboda ya kutoka stejini hadi mlangoni usiku. Chukua karatasi, andika kodi, nauli ya kwenda na kurudi, maji na umeme vya kila mtaa unaoufikiria, ujumlishe, ndipo uamue. Kwa anayefanya kazi kisiwani, chumba katika nyumba ya Kiswahili huko Majengo, hata kikiwa na choo cha kushirikiana, mara nyingi humtoka nafuu kwa sababu huenda kazini kwa miguu. Likoni nayo ina faida yake, kwani abiria wa miguu hawatozwi chochote kwenye feri. Lakini faida hiyo ni ya anayeweza kutembea hadi kivukoni na anayestahimili msongamano wa asubuhi.

Hatua ya tatu: jikoni

Hapa ndipo penye akiba kubwa ya kila siku, na ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa hupika mara moja kwa wiki, chakula kikawachachia kwa joto, wakarudi kwenye mahamri na mbaazi za kununua. Asiye na friji afanye hivi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe mpaka yaive bila kutiwa nazi, kitunguu wala nyanya. Sufuria hiyo irudishwe motoni ichemke asubuhi na jioni, ifunikwe, na isichotwe kwa kijiko kilichotoka mdomoni. Kila jioni toa fungu la mlo mmoja, lipike kando kwa tui la nusu kifuu, na ule likaishe. Tui ndilo linaloharakisha kuchacha, na ukilitenga hivyo maharagwe yatakufikisha siku ya pili, pengine ya tatu, bila harufu.

Sokoni Kongowea bei ni ya jumla, hivyo nenda na jirani wawili au watatu, mnunue gunia la viazi au debe la mchele, mgawane. Nunua samaki wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa shwari na wavuvi wanatoka kwa wingi. Kusi ikivuma bei hupanda, na hapo dagaa na kunde hutosha. Sikubaliani hata kidogo na wanaoshauri mlo mmoja kwa siku. Mtu anayeshinda na njaa huugua, na hospitali haimngojei amalize deni.

Hatua ya nne: umeme na maji

Bei ya umeme kwa majumbani hupangwa kwa matumizi, na wanaotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa kwa kila uniti. Feni ya wati 50 ikizunguka saa kumi hutumia nusu uniti tu, kwa hiyo iache izunguke ulale. Jiko la umeme na birika ndivyo vya kuachana navyo. Maji ya kisima yenye chumvi yatumike kufulia na kudekia, na mitungi ya mkokoteni ibaki kwa kunywa na kupikia.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mikindani: Shikamoo mwalimu. Mwajiri wangu hukata HELB kwenye mshahara, lakini taarifa ya deni langu haionyeshi malipo ya miezi mitatu. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sheria humtaka mwajiri akate na kuwasilisha kila mwezi. Kusanya hati za mshahara za miezi hiyo, umwandikie mhasibu kwa barua na ubaki na nakala, kisha uzipeleke HELB ili makato yako yajulikane kabla faini hazijaandikwa kwa jina lako. Tangu sasa kagua taarifa yako kila mwezi.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Assalam aleikum. Mimi riba hainipi raha. Nimejiunga na mchezo wa kuchangishana fedha kwa zamu na kina dada wenzangu, zamu yangu ikifika nilipe deni lote kwa mkupuo. Je, nisubiri?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Hukumu ya dini muulize shekhe wako. Kwa upande wa hesabu, usisubiri bila kulipa, kwa kuwa faini za miezi hiyo zitaumeza mchezo. Lipa kiasi cha kila mwezi, na zamu ikifika omba taarifa ya deni siku hiyohiyo, ulimalize lote, kisha udai cheti cha kuthibitisha kuwa hudaiwi.

Mwanachama wa Changamwe: Mama yangu yuko Voi na ananitegemea. Nimpunguzie?

Jibu: Usimpunguzie kimyakimya. Kaa naye, mkubaliane kiasi kimoja kisichobadilika, ukiweke kwenye bajeti kabla ya matumizi yako, na umweleze mwezi unaotarajia kumaliza. Punguza kwanza sare za harusi. Rambirambi za msiba zisiguswe.

Mwanachama wa Likoni: Sina kazi, na mwaka wangu wa kabla ya kuanza kulipa HELB unaisha mwezi ujao.

Jibu: Usingoje uishe. Nenda kwenye meza ya HELB katika Huduma Centre, eleza hali yako kwa maandishi, na upendekeze kiasi kidogo unachokiweza kutokana na vibarua. Kisha kilipe tarehe ileile kila mwezi, na utunze ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo.