Namna ya kulifikisha dai la wakulima kwenye Baraza la Madiwani na kurudi na jibu

"Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe." Hiyo ndiyo kaulimbiu ya MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania ulioanzishwa mwaka 1993. Mkulima aliyechaguliwa kuongoza kikundi au mtandao wa kata anapaswa kuitekeleza kwa vitendo, na hapo ndipo wengi hukwama. Malalamiko wanayo ya kutosha. Kinachokosekana ni ushahidi, au dai linapelekwa kwa asiyehusika, au linafika bajeti ikiwa imeshafungwa. Hapa tunatumia mfano wa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo na kurundikiwa kilemba cha mazao juu ya mdomo wake, lakini hatua ni zilezile kwa dai la ushuru, ghala au afisa ugani.

Chagua dai moja, jua nani anaamua

Kikundi kikikaa kitataja kumi: barabara, mbolea, lumbesa, mifugo kuingia mashambani. Yaandike yote, kisha wanachama wapige kura wachague moja. Ujumbe unaokwenda halmashauri na madai kumi hupewa ahadi kumi, na hakuna linalofuatiliwa.

Halafu uliza: nani ana mamlaka ya kubadilisha jambo hili? Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, kwa hiyo barua iende kwa meneja wake wa wilaya, nakala kwa diwani. Skimu za umwagiliaji zina Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Vipimo vinasimamiwa na Wakala wa Vipimo, lakini soko, geti la ushuru na sheria ndogo ni vya halmashauri. Ndiyo maana dai la lumbesa lina milango miwili, na yote inabishwa hodi kwa wakati mmoja.

Pima kabla ya kusema

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kila mkulima wa viazi na vitunguu anajua gunia lenye kilemba linazidi hapo, ila "linazidi" haliandikiki kwenye muhtasari wa kikao. Tafuta mizani iliyohakikiwa na yenye stika ya mwaka huu. Mizani isiyo na stika itakupotezea kazi yote, kwa sababu swali la kwanza la mfanyabiashara au ofisa litakuwa hilo.

Pima magunia yasiyopungua 30, katika siku tatu tofauti za soko. Siku moja haitoshi: watasema mlichagua siku mbaya. Chukua kila gunia linalopita mbele yenu, na yale yaliyo sawa pia muyaandike. Mkipima ya waliokasirika tu, takwimu zenu zitaanguka mara ya kwanza mtu atakapokwenda kuhakiki. Daftari liwe na safu hizi: tarehe, mahali, zao, uzito jumla, uzito wa gunia tupu, uzito halisi, bei ya gunia. Jina la mkulima liandikwe kwa ridhaa yake tu, maana kuna watakaoogopa kunyimwa mnunuzi msimu ujao, na hofu hiyo ni ya kweli.

Kisha geuza kilo ziwe shilingi. Tuseme gunia lililouzwa kwa 70,000 kama la kilo 100 lina kilo 128. Kilo 28 za ziada, kwa shilingi 700 kila moja, ni 19,600 zilizoondoka bure. Mkulima wa magunia 40 amepoteza 784,000. Hesabu hiyo iwekwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Usiishie kwa hasara ya mkulima. Pale ushuru unapotozwa kwa gunia, gunia la kilo 128 hulipiwa kama la 100, na halmashauri nayo inapoteza mapato. Diwani ambaye hakusikitika juu ya viazi vyako atasikitika juu ya makusanyo.

Kama dai lenu ni la kiwango cha ushuru, ombeni nakala ya sheria ndogo yenyewe na namba ya tangazo lake katika Gazeti la Serikali. Bajeti ya 2017/18 ilitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Linganisheni maandishi na kinachotozwa getini. Mkinyimwa nakala, andikeni ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibu.

Kalenda ndiyo inayoua madai mengi

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Mei hakuna cha kuombea tena. Halmashauri hupitisha makadirio yake karibu Januari na Februari, na kuanzia Aprili mambo yako Bungeni. Kwa hiyo pimeni wakati wa mavuno, dai lipite Mkutano Mkuu wa Kijiji kufikia Septemba au Oktoba, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mkutano Mkuu hufanyika kila miezi mitatu; mwombe mtendaji wa kijiji mapema aiweke ajenda, na usiondoke bila nakala ya muhtasari iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Bila muhtasari huo wewe ni mtu mmoja mwenye maoni.

Viongozi wengi hulenga siku ya Baraza la Madiwani. Siku hiyo mwananchi anaingia kusikiliza tu, hazungumzi, na mengi yameshakubaliwa kwenye kamati. Dai la kilimo na masoko hupita Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. La fedha hupita Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Onaneni na mwenyekiti wa kamati na mkuu wa idara ya kilimo wiki mbili au tatu kabla.

Ujumbe na karatasi

Watu watano wanatosha, wanawake wasipungue wawili. Msemaji awe mmoja, mwingine aandike kila kinachojibiwa na jina la aliyejibu. Karatasi isizidi kurasa mbili: tatizo, takwimu, sheria inayohusika, mnachotaka, na tarehe. "Tunaomba mtusaidie kuhusu lumbesa" hakitekelezeki. "Tunaomba mizani iliyohakikiwa iwekwe soko la kata kabla ya mavuno ya Juni, na kila gunia lipimwe kabla ya kutozwa ushuru" kinatekelezeka, na kinaweza kukaguliwa. Peleka nakala mbili masjala, ofisi inayopokea barua za halmashauri, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Mambo mawili huvunja ujumbe. La kwanza ni posho: kiongozi akizoea kulipwa na anayemdai, sauti hupungua. Nauli na chakula vitoke kwenye mfuko wa kikundi, na risiti zisomwe mkutanoni. La pili ni siasa. Kiongozi anayetaka kugombea udiwani aachie kwanza nafasi ya usemaji, la sivyo kila atakachosema diwani aliyepo atakisikia kama kampeni.

Mrejesho

Ndani ya siku 14 itisheni wanachama. Someni jibu kama lilivyoandikwa, hata kama ni "tutalifanyia kazi". Jibu la mdomo liandikieni barua: "Katika kikao cha tarehe fulani tulielezwa kwamba…", nayo ipelekwe masjala kama ile ya kwanza. Mkikubaliwa mizani bila upimaji wa lazima, ipokeeni, endeleeni kupima magunia 30 kila msimu, na kilichobaki kiingizwe kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu wa Septemba, pamoja na daftari la zamani na jipya.