Mwanafunzi wa cherehani: mkalishe atazame kwanza

Wazazi wanaoleta mabinti kwangu hapa Mwanjelwa huuliza ada, kisha huuliza mtoto atashika mashine lini. Nawajibu kwamba kwanza atakaa atazame. Hawapendi. Wanahisi nimepata wa kufagia vipande bure. Lakini kutazama nako ni kazi, mradi fundi aipange.

Anza na mahali pa kukaa. Mafundi wengi humweka mwanafunzi ng'ambo ya meza, wakitazamana. Hapo anaona kila kitu kinyume, mkono wako wa kulia uko kushoto kwake. Mweke ubavuni, nyuma kidogo ya bega lako, aone kitambaa kama unavyokiona wewe. Asubuhi za Juni na Julai atataka kujibanza kwenye pasi ya mkaa. Mtoe huko, baridi ya Mbeya ataizoea.

Pili, chagua jambo moja. Sketi nzima ni nyingi mno. Mwonyeshe zipu tu. Ishone mara moja kwa kasi yako ya kila siku, kisha nyingine polepole, ukitaja kila unachofanya. Penye kichwa cha zipu ndipo mshono wa wanaoanza hupinda. Ukikikaribia simamisha mashine sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, nyanyua mguu wa mashine unaokandamiza kitambaa, pitisha kichwa nyuma, shusha mguu huo, endelea. Sindano ikibaki juu, kitambaa kinahama. Mwambie akusimulie hatua hizo kabla hajagusa chochote, halafu siku hiyohiyo mpe kipande na zipu kuukuu ajaribu. Ukingoja wiki, atakumbuka nusu.

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, alitaja mambo manne yanayohitajika ili mtu ajifunze kwa kutazama: kuzingatia, kukumbuka, kuweza kutenda, na kuwa na sababu ya kutenda. Hilo la nne mafundi tunalisahau. Katika utafiti wake wa mwaka 1965, watoto walionyeshwa filamu ya mtu mzima akilitandika dubwana la plastiki lililojazwa hewa. Wengine waliona akipewa zawadi, wengine akiadhibiwa, wengine hawakuona lolote likimpata. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wenzao. Ila watoto wote walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe walichokiona, tofauti ile ikatoweka. Kumbe wote walikuwa wamelishika somo, wengine walilificha tu.

Kwa hiyo ukimfokea binti mmoja kwa kuharibu kola, wale wengine watatu waliokaa kimya usidhani ni wazito. Wameona kilichompata mwenzao. Mpe mmoja wao kazi ndogo ya mteja mpole, mwambie, "Ukiimaliza vizuri, hela ya hii ni yako." Utashangaa anavyojua.

Sasa lile linalonikera. Kila Januari, sare za shule zikiwa zimejaa hadi sakafuni, utamsikia mwanafunzi wa kibanda cha jirani akimwambia mteja, "Dada, imebaki vifungo tu, njoo kesho," na kitambaa hakijakatwa. Hakuna aliyemkalisha akamfundisha uongo huo. Amemsikia fundi wake akiusema, akaona mteja akiondoka bila kelele, basi akajua unafanya kazi. Dawa yake ni daftari la tarehe, na ulimi wako mwenyewe. Sema mbele yake, "Mama, sijaanza, njoo Alhamisi." Mteja akinung'unika, usimtume binti dukani kununua uzi ili asisikie. Abaki, aone unavyoyabeba hayo manung'uniko na kazi ikatoka Alhamisi kweli.

Mwanafunzi mpya kabisa mkalishe pia karibu na aliyemtangulia miezi michache. Akikutazama wewe anasema, "Huyu ni fundi, mimi siwezi." Akimtazama mwenzake hana kisingizio. Chagua tu mwenzake huyo awe na mikono safi, maana hata kufuta mafuta ya cherehani kwenye sketi ataiga.