Jinsi ya kulichambua neno "sinefili"

Juzi, katikati ya picha kwenye banda langu la video hapa Mbagala, kijana mmoja akanionesha simu. "Anko, sinefili ndio nini, filamu za Kichina?" Nikasimamisha picha. Watu wakaguna, lakini banda ni langu.

Neno kama hili unalichambua kama mchicha, kipande kwa kipande. Anza na mkia. Ziba "sine" kwa kidole gumba, ibaki "fili". Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, wakidhani ni "filamu" iliyokatwa. Siyo. Filamu tumeitoa kwa Waingereza, na kwao zamani ilikuwa ngozi nyembamba, utando kama ule unaoganda juu ya maziwa ya moto yakipoa. "Fili" ni Kigiriki, philos: mpenzi, rafiki. Tena unayo mdomoni siku nyingi. Falsafa, iliyotufikia kwa mkono wa Waarabu, ni kupenda hekima. Filipo wa kwenye Biblia naye ni mpenda farasi.

Sasa hamisha kidole, usome kichwa. Kinema kwa Kigiriki ni mwendo. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walikuwa na mashine iitwayo cinématographe, yaani mwandika-mwendo, na tarehe 28 Desemba 1895 wakaonesha picha zake Grand Café, Paris, kiingilio faranga 1. Jina lilikuwa refu mno. Likakatwa likawa cinéma, likakatwa tena likabaki ciné, kama sisi tulivyoifupisha Dar es Salaam. Ile K ya Wagiriki kwa Wafaransa inasikika S. Wajerumani wameibakiza, wanasema Kino. Marehemu bibi yangu alisema "senema", na sikuwahi kumsahihisha.

Unganisha: cinéphile, mpenda sinema.

Ila usimpachike kila mtu. Anayeuliza tu kama steringi atakufa ni mtazamaji, na ndiye anayenilipia umeme. Sinefili ni yule mteja wangu wa benchi la nyuma ambaye majina yakianza kupanda yeye hanyanyuki, anatafuta nani alishika kamera. Ukiona "mpenzi wa sinema" inakutosha, itumie. Mimi naipenda zaidi.

Kijana akanyamaza kidogo. "Basi Anko, ikiisha usizime haraka." Nikamrushia rimoti.