Ninavyosafiri na begi dogo visiwani na kurudi na insha

Safari yangu ya kwanza Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nilikwenda na begi la magurudumu. Mimi mtoto wa Pangani, nimehamia Mwanza kikazi, nikajiambia bahari naijua, ziwa litanishinda nini. Magurudumu yalikwama kwenye mchanga wa mwalo wa kwanza tu, pale wavuvi wanapotia mitumbwi. Nikajitwika begi kichwani, kamera shingoni, daftari kubwa kwapani, na mwalo mzima ukanyamaza. Mtoto mmoja ndiye aliyenifumbulia fumbo: "Bwana samaki kaja!" Kumbe walidhani nimekuja kukagua nyavu. Siku mbili nilijibiwa "ndiyo" na "hapana", nikarudi Kirumba, Mwanza, na picha tele na insha isiyo na mtu ndani yake.

Utaratibu nilionao sasa ulitokana na aibu ile.

Hatua ya 1: Punguza begi mpaka likutie wasiwasi

Langu ni la mgongoni, kama la mwanafunzi wa shule ya msingi. Ndani kuna nguo za kubadilisha mara moja, kikoi, kandambili, tochi, kipande cha sabuni, dawa, daftari linaloingia mfuko wa shati na penseli mbili. Nasema penseli kwa sababu mtumbwi ukipigwa wimbi, maandishi ya wino yanakuwa madoa. Daftari hulala kwenye kopo lenye mfuniko. Zamani tungelifunga kwenye rambo, ule mfuko wa plastiki, lakini rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Kikoi ni taulo, shuka, mto na pazia. Kitu kizito pekee ni kilo mbili za sukari za mwenyeji, nazo hazirudi.

Chakula sibebi. Ukifika na mkate wako utaula peke yako chumbani. Aliyepungukiwa lazima aombe, na mimi visa vyangu vyote nimevipata nikiomba. Safari moja mkanda wa begi ulikatika, nikaenda nyumba ya jirani kuazima sindano. Nilipewa sindano, kigoda, ugali wa muhogo kwa sato, na habari za ndoa tatu za mwenye nyumba. Ningekuwa na sindano yangu, ningeshona na kulala.

Hatua ya 2: Njia

Kuna meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, zaidi ya saa tatu majini. Au zunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko kwenda Rugezi, upande wa kisiwani. Mimi napenda Kisorya. Watu wanaosubiri kivuko huongea kuliko waliokwisha kukaa.

Hatua ya 3: Jua unamsalimia nani

Mjini Mwanza na vijijini Usukumani, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana zitakufikisha mbali. Visiwani kuna Wakerewe, Wakara, Wajita na Wasukuma pia. Ukimwamkia Mkerewe kwa Kisukuma atakujibu kwa adabu, lakini umeshamwonyesha kuwa hujui umefika kwa nani. Shikamoo haina hasara. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, useme wazi kuwa unaandika na unaandika nini, kabla hujapewa kazi nyingine kama nilivyopewa mimi ubwana samaki.

Hatua ya 4: Tazama mwezi, kisha omba kazi

Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, dagaa wakaifuata nuru. Mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika. Kwa hiyo ukitaka kuona kazi, nenda kwenye giza. Ukitaka wanaume wenye nafasi ya kupiga soga, nenda mwezi ukiwa mpevu.

Akina mama wanaoanika dagaa hawana mwezi wa kupumzika kwa mgeni. Usiwaombe mahojiano, omba ufagio au upande wa chanja. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka yenyewe. Na wingu likitanda, funga mdomo ukimbie nao kuanua. Mama mmoja aliyekuwa hajanijibu kitu tangu asubuhi alianza kuniita "mwanangu" baada ya mvua moja tu.

Hatua ya 5: Andika usiku

Mchana daftari likae kopo lake. Usiku, kwa tochi, andika kwanza maneno kama yalivyosemwa, kisha bei, harufu, na ulichokosea. Maoni yako yasubiri, hayo hayasahauliki.

Hatua ya 6: Msiba si mali yako

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kisiwa jirani cha Ukerewe, kikitoka Bugolora ya Ukerewe kwenda Bwisya ya Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Mwandishi mgeni hutamani kuanzia hapo. Mimi siulizi. Wakati fulani mtu ataanza mwenyewe, pengine siku ya tatu, pengine asianze kabisa. Akianza, sikiliza, na umuulize kama anapenda yaandikwe.

Hatua ya 7: Futa sentensi ya "watu wa huku ni..."

Rasimu yangu ilikuwa na "Wakara ni wakarimu na wachapakazi." Sentensi hiyo ungeweza kuiandika ukiwa Dar es Salaam bila kupanda chombo chochote. Niliifuta nikaweka bibi aliyebeba mzigo wa majani kichwani kumpelekea ng'ombe wake, aliyefungwa kwenye shimo ndani ya nyumba. Nikajiweka na mimi, nimesimama mlangoni nimeziba pua.

Hatua ya 8: Wasomee wenyewe

Nilimpigia simu mwenyeji wangu wa Ukara nikamsomea insha nzima. Alinyamaza mpaka nilipofika pale nilipoeleza kuwa ng'ombe hufungwa ndani kwa kuogopa wezi. Akacheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena alisema: "Mwizi gani, mwanangu? Kisiwani ataenda naye wapi? Ardhi yetu ndogo, inalimwa kila mwaka. Sisi hapa tunafuga samadi."

Nikafuta aya yangu, nikaandika yake.