Dumu la maji lisikuvunje kiuno
Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 na ushei, na mimi huteka manne kila alfajiri. Zamani nilikuwa naliinua miguu imenyooka, mgongo umepinda. Siku moja kiuno kikakaza, nikashindwa hata kujifunga kanga. Sasa nalisogelea mpaka liguse miguu, nachuchumaa, nalivuta karibu na tumbo, halafu mapaja ndiyo yananyanyua. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usisokote kiuno. Afadhali vidumu viwili vya lita 10, kila mkono kimoja. Kiuno kikishauma, usishinde kitandani: tembea taratibu, kanda kwa kitambaa cha maji moto. Ila miguu ikifa ganzi au mkojo ukikuponyoka, wahi hospitali siku hiyohiyo, tafadhali.