Somo: Kupima mapigo ya moyo kwa kamera kupitia rangi ya ngozi

Swali la namna ya kufanya hivi linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja.

Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo chini ya ngozi, na hemoglobini (kinachoipa damu wekundu) hufyonza mwanga wa kijani zaidi ya mwekundu. Badiliko huwa chini ya asilimia 1 ya mng'ao. Jicho halilioni, kamera hulinasa.

1. Kamera kwenye stendi. Anayepimwa aegemeze kichwa.

2. Mwanga wa dirishani, utoke mbele.

3. Zima kila kinachojirekebisha chenyewe: mwangaza, mizania ya rangi, fokasi. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mng'ao wa ngozi ukipungua kidogo, kamera huongeza mwangaza kuirudisha ilivyokuwa, yaani inafuta kile kile unachokitafuta. Funga mipangilio hiyo baada ya uso kukaa kwenye picha, si kabla. Na usitumie video iliyopita kwenye programu za kutumiana ujumbe: zikiibana, rangi ndogo ndogo ndizo hutupwa kwanza.

4. Rekodi sekunde 30, fremu (picha moja moja za video) 30 kwa sekunde.

5. Chukua paji la uso, tafuta wastani wa thamani ya kijani kwa kila fremu.

6. Chuja mfululizo wa wastani hizo, bakiza mabadiliko yanayojirudia mara 0.7 hadi 4 kwa sekunde (Hz). Kilele kikubwa, yaani Hz yenye nguvu kuliko zote, zidisha kwa 60: 1.2 Hz ni mapigo 72 kwa dakika.

MASWALI

— Mkuu, nimekaa tu inasoma 180. Niwekee programu nyingine?
Hapana. Rudia hatua ya 3.

— Kila mtu anasoma 60, hata aliyetoka kukimbia.
Swali zuri sana. Taa ya umeme wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ikichukua fremu 33, 33 mara 3 ni 99, kufika 100 inabaki 1 Hz, sawa na mapigo 60: unapima taa. Weka karatasi nyeupe kando ya uso, ipime nayo. Ikiwa na kilele kile kile, si moyo.

— Ngozi nyeusi sana je?
Melanini (kinachoipa ngozi weusi) hufyonza mwanga kabla haujaifikia damu, ishara hudhoofika. Ongeza mwanga, panua eneo, au pima kiganja, kina melanini kidogo. Angalia tu kijani kisigonge 255, kikomo cha juu cha rangi kwenye picha.

— Inapima oksijeni?
Hii, hapana. Wala usimwamulie mgonjwa kwayo.

— Nataka kuona damu inavyorudi kidoleni.
Bonyeza ncha ya kidole sekunde 5, achia, hesabu fremu hadi rangi irudi. Kwa mtu mzima, ikizidi fremu 60, yaani sekunde 2, pasha mkono joto kwanza urudie. Baridi peke yake huchelewesha.