Bodi ya maktaba wakati wa mlipuko wa ugonjwa: hatua tunazofuata Moshi

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa Arusha, na alikuwa ameingia kupitia uwanja wa ndege wa KIA siku moja tu kabla. Kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Bodi inayokutana kila robo mwaka haina ubavu wa kwenda na kasi hiyo, labda iwe imejipanga mapema.

Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na hufuata maelekezo ya makao makuu. Mimi ni katibu wa bodi ya maktaba ya jamii. Haya nawaandikia wenzangu wa maktaba za mitaa, parokia na misikiti, ambao hawana wa kumpigia simu Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Amueni leo nani ataamua siku hiyo

Msimwachie mkutubi mzigo bila karatasi. Pitisheni azimio, liingie kwenye muhtasari na litiwe saini. La kwetu linasema hivi: mkutubi, akishauriana na mwenyekiti kwa simu, anaweza kufunga chumba cha kusomea, kupunguza saa za kazi au kusitisha kuazimisha, wajumbe waarifiwe ndani ya siku 2, na bodi ithibitishe au itengue ndani ya siku 14.

Tazameni pia katiba yenu inasemaje kuhusu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayofanya kikao kiwe halali. Kama haitambui kikao cha simu, irekebisheni sasa, wakati mnaweza kukaa meza moja. Kwenye WhatsApp kila mjumbe aandike jina lake na neno "naafiki" au "siafiki". Kidole gumba si kura. Kuna mjumbe anayeweka kidole hicho hata kwenye tangazo la msiba.

Hatua ya 2: Tengeni fungu

Sabuni, ndoo zenye bomba, barakoa, bando la mkutubi, nauli ya bodaboda. Kikao cha simu hakina chai wala posho, kwa hiyo fedha hiyo ihamishiwe huku. Na andikeni wazi kwamba mlinzi na dada wa usafi wataendelea kulipwa mlango ukifungwa. Hao ndio husahaulika kwanza.

Hatua ya 3: Vitabu vinavyorudi

Hapa ndipo bodi nyingi hupoteza fedha kwa dawa za kupulizia. Mwaka 2020 mradi wa REALM wa Marekani ulipima virusi vya korona kwenye vifaa vya maktaba. Kwenye kitabu kilichowekwa peke yake, baada ya siku 3 virusi havikuonekana tena. Vilivyorundikwa, bado vilionekana siku ya 6. Kwa hiyo kinachohitajika ni nafasi: meza ndefu, vitabu vitandazwe kimoja kimoja, na kipande cha karatasi chenye tarehe kichomekwe ndani ya kila kimoja.

Baadaye ilidhihirika kwamba korona husambaa zaidi kwa hewa. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kuwa hatari ya kuambukizwa kwa kugusa kitu kwa kawaida iko chini ya 1 kwa 10,000. Mkiwa na fedha ya kitu kimoja tu, tengenezeni madirisha yaliyogoma kufunguka.

Jiki ni ya meza na vitasa. Ikiwa kibandiko kinasema asilimia 3.5, changanyeni kikombe 1 kwa vikombe 34 vya maji. Kwenye kitabu isiguse hata tone, maana hula karatasi na kuchujua wino. Kuvianika juani nako hufifisha majalada.

Ila msikariri. Homa ya Marburg, iliyozuka Kagera 2023 na tena 2025, huambukiza kwa majimaji ya mwili, na kipindupindu kina njia zake. Kila mlipuko, mwulizeni kwanza afisa afya wa kata.

Hatua ya 4: Huduma dirishani

Msomaji anatuma ujumbe, mkutubi anafungasha kwenye bahasha ya kaki, anaandika jina kwa kalamu nene, anamkabidhi dirishani kwa saa waliyokubaliana. Kwa walioko vijiji vya mlimani kama Uru au Kibosho, mzigo mmoja upandishwe na bodaboda hadi kwa mwalimu mmoja anayeaminika, naye agawe.

Kazi ya bodi hapa ni kulegeza kanuni: muda wa kuazima uongezwe, idadi ya vitabu ipande, na madarasa ya mitihani yatangulie. Mwaka 2020 kidato cha sita walikaa nyumbani hadi Juni 1, na mtihani ukaanza Juni 29. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo mtandaoni, lakini migombani bando ni ghali kuliko nakala ya kuazima. Namba za simu za wasomaji zibaki kwa mkutubi, zisimwagwe kwenye kundi.

Hatua ya 5: Jengo likifungwa, mtu aingie

Kufungwa kwa 2020 kuliangukia masika. Chumba kikikaa giza kwa wiki chache, ukungu huanzia rafu ya chini iliyogusa ukuta: unga mweupe kwenye migongo ya vitabu vya jalada la kitambaa, na harufu ya gunia lililolowa. Pangeni zamu. Asubuhi isiyo na mvua madirisha yafunguliwe, rafu zisogezwe kutoka ukutani, vitabu vifutwe kwa kitambaa kikavu, na anayefuta avae barakoa.

Hatua ya 6: Kufungua tena

Punguzeni viti, si saa. Saa zikipungua, watu hurundikana.

Kisha faini. Futeni zote za kipindi cha kufungwa, mtangaze kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa mtaa. Mtoto anayedaiwa elfu tatu harudishi kitabu. Anakificha uvunguni, na mwakani hatapita hata mbele ya lango. Anayeleta kilicholowa apokelewe hivyo hivyo, kiwekwe pembeni, na kikao kijacho kiamue kama kinashonekana.